Kipimo cha Mwendo

Tuchukulie, msomaji, ya kuwa asubuhi moja ya Jumamosi wewe na rafiki yako mmetoka mjini Kitengela, mkafuata barabara ya Namanga kuelekea upande wa Isinya, kisha mkageuka na kurudi pale pale mlipoanzia. Mlikwenda bega kwa bega. Hapana aliyemtangulia mwenzake wala aliyechepuka njiani. Kila mmoja wenu alikuwa na simu mfukoni, na katika kila simu mlikuwa na programu ya kupimia mwendo. Mlipofika mkazitoa simu, nazo hazikusema neno moja. Yako ilionyesha kilomita 6.1, ya rafiki yako ilionyesha 5.6. Nusu kilomita imekwenda wapi? Yamkini mlianza kubishana, na mabishano ya namna hii huishia pabaya upesi: huyu humwambia yule kuwa simu yake ni ya bei rahisi, na yule humjibu huyu kuwa ameitikisa simu yake kwa makusudi ili apate sifa.

Ugomvi huu una umri mkubwa kuliko simu. Katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki watu waliwahi kuitwa waongo kwa sababu hesabu zao za mwendo hazikupatana, na ziwa lisilokuwapo duniani likachorwa katika ramani na kutangazwa Ulaya. Nataka nikuchukue tangu zama hizo mpaka kwenye simu yako, maana kosa lililofanywa na wachora ramani wa wakati ule ndilo kosa tunalolifanya sisi leo tukitazama kioo cha simu.

Wazee wa pwani walipima kwa miili yao. Shibiri ilikuwa ni nafasi iliyo baina ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikikunjuliwa. Shibiri mbili zilifanya mkono mmoja, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ilifanya wari, na mikono minne ilifanya pima. Si vigumu kufahamu mnunuzi wa nguo alivyomtazama muuzaji kabla ya kukubali apime nani, kwa kuwa mkono wa mtu mrefu na mkono wa mtu mfupi vyote viwili ni mkono. Wala usidhani ya kuwa maili, kipimo tulichorithi kwa Waingereza, hakina uhusiano na mwili. Asili ya neno hilo ni maneno ya Kilatini yenye maana ya hatua elfu moja. Askari wa Roma walihesabu hatua zao kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, kila jozi ikiwa ni futi 5 za Kirumi. Waingereza ndio waliotunga sheria mwaka 1593 iliyoipa maili futi 5,280, ili ipatane na vipimo vyao vya mashamba.

Lakini safari ya bara haikupimwa kwa mikono wala kwa maili. Ukimwuliza kiongozi wa msafara wa Pangani au Bagamoyo mahali fulani pa mbali kiasi gani, alikujibu kwa siku: mwendo wa siku tatu, mwendo wa siku kumi. Jibu hilo lilikuwa na akili nyingi. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, begani au kichwani. Jambo alilotaka kujua halikuwa idadi ya wari, bali idadi ya usiku atakaolala njiani, chakula atakachohitaji, na mahali pa kupata maji. Siku moja ya safari haikuwa urefu wa ardhi tu. Ilikuwa urefu wa ardhi pamoja na uzito wa mzigo, ukali wa jua, matope ya masika, hongo iliyodaiwa njiani, na visima. Penye maji ya karibu siku ilikuwa fupi. Penye nyika kavu msafara ulitelekeza: uliondoka majini alasiri watu wakiisha kula na kujaza vibuyu, ukaenda mpaka usiku, ukalala pakavu, kisha ukaondoka alfajiri na kufikia maji ya pili kabla jua halijawa kali. Siku hizi neno hilo la kutelekeza twalisikia zaidi likisemwa juu ya baba aliyewaacha watoto wake, walakini vinywani mwa wapagazi lilikuwa jina la namna ya kusafiri.

Sasa fikiri yatakayotokea mtu akizichukua siku hizo na kuzigeuza kuwa maili, kila siku kwa kiasi kile kile, kama ageuzavyo shilingi kuwa senti. Ndivyo alivyofanya Jakob Erhardt, mmisionari Mjerumani aliyekuwa pamoja na Johannes Rebmann upande wa Mombasa. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga, akawauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Wasafiri wa njia ya Tanga na Pangani walimwambia ya kuwa ukienda siku kadha wa kadha kuelekea machweo utafikia maji makubwa. Wa njia ya Bagamoyo nao walisema hivyo, na wa njia ya Kilwa vile vile. Erhardt alipoyaweka maneno yao juu ya karatasi aliona kuwa maji hayo yote yakaribiana, akayaunganisha. Ramani iliyotoka Ulaya mwaka 1855 na 1856 ilionyesha katikati ya Afrika ziwa moja kubwa mno, lililojikunja kwa umbo la koa, yule mdudu mtepetevu afananaye na konokono asiye na kombe. Liliitwa Bahari ya Unyamwezi.

Wataalamu wa London walibishana sana juu ya ramani hii, na ubishi huo ulikuwa mojawapo ya sababu za kuletwa kwa Richard Burton na John Speke, walioanza safari yao kutoka pwani mwaka 1857. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani India alipokuwa mdogo na kurudi akiwa mtu huru. Miguu yake ilikuja kuipita Afrika mara nyingi kuliko miguu ya mabwana wote aliowaongoza. Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika. Agosti mwaka ule ule Speke, akiwa amemwacha Burton nyuma, aliiona Nyanza ya kusini karibu na mahali palipo na mji wa Mwanza. Mwaka uliofuata David Livingstone alifika Ziwa Nyasa. Yule koa mmoja akawa maziwa matatu, na baina yao mkawa na mamia ya maili ya nchi kavu yenye miji, mashamba na misitu.

Nani alikosea hapo? Vitabu vingi vya zamani huwacheka wapagazi. Mimi siwezi kucheka, kwa sababu nikiyapima maneno yao naona ya kuwa kila mmoja alisema kweli. Wa Pangani alisema kuna maji, na maji yalikuwako. Wa Bagamoyo alisema kuna maji, na maji yalikuwako. Wa Kilwa naye hakudanganya. Kosa lilizaliwa pale majibu ya watu watatu, yaliyopimwa kwa siku za namna tatu katika njia tatu, yalipochukuliwa kama kwamba yametoka katika kipimo kimoja.

Mwingine aliyepaswa kutendewa haki ni Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, kusini ya Mombasa. Huyu alikuwa amesafiri sana na misafara iliyokatiza nchi ya Wamaasai. Thomas Wakefield, mmisionari aliyekaa Ribe, alimketisha na kumwuliza, akaandika kituo baada ya kituo: mto huu, kilima kile, hapa pana maji, pale hapana, siku ngapi toka hapa mpaka pale. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1870 katika jarida la Shirika la Jiografia la London, na jina la Sadi likatajwa waziwazi kuwa yeye ndiye chimbuko la sehemu kubwa ya habari hizo. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi wachora ramani wa Ulaya walimtegemea mtu ambaye hakuwa na kifaa cho chote ila miguu yake na kumbukumbu yake. Joseph Thomson alipokuja mwaka 1883 kupita nchi ya Wamaasai, akikatiza ardhi ambayo leo ni kaunti ya Kajiado mpaka Ngong, alimwajiri Sadi kuwa mkalimani. Katika kitabu chake Thomson hakumwandika kwa wema mzee yule. Lakini katika mabara haya yaliyo baina ya Kilimanjaro na Ngong, ambamo Wamaasai wa Kaputiei walichunga na ambamo leo mji wa Kitengela umesimama, palikuwa na elimu ya njia na maji kabla ya Mzungu wa kwanza kufika na dira yake, na elimu ile ilihesabiwa kwa siku.

Mtu aweza kuuliza: je, kama wasafiri wale wangehesabu hatua badala ya siku, hesabu zisingepatana zaidi? Zingepatana, kwa sharti moja. Katika miaka ile ile ya 1860 Waingereza waliotawala India walitaka ramani ya Tibet, nchi iliyofungiwa wageni. Walimfundisha mwalimu mmoja wa milimani, jina lake Nain Singh, kutembea kwa hatua zisizobadilika, apande au ashuke, hatua 2,000 kwa kila maili. Alijifanya mtu wa ibada, akachukua tasbihi. Tasbihi za dini yake zilikuwa na shanga 108; yake ilikuwa na 100, na kila hatua ya mia aliangusha ushanga mmoja. Kwa namna hiyo alifika Lhasa mwaka 1866, na ramani iliyotoka katika hesabu yake ilikuwa nzuri ajabu. Sharti lenyewe ndilo hili: hatua iwe moja. Nain Singh aliizoeza miguu yake muda mrefu kabla ya kupewa safari, na wewe, msomaji, hukuizoeza.

Reli ilipokuja ilileta desturi nyingine. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1899 vyuma vilifika penye kinamasi palipoitwa Nairobi, maili 327 hivi toka pwani. Maili ziliandikwa kwenye nguzo kando ya njia, na kwa mara ya kwanza umbali ulikuwa jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulisoma bila ya kutembea. Hata njia ya tawi iliyojengwa baadaye kutoka Konza kwenda kuchukua magadi, ikipita Kajiado, ilihesabiwa vivyo hivyo. Watu wengi wakadhani sasa ubishi umekwisha. Lakini tazama: ukienda kwa reli ile ya zamani, Mombasa na Nairobi zaachana kwa kilomita zipatazo 526. Kwa barabara ni kama 485. Kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ni kama 470. Kunguru, kama angekuwa na haja ya kwenda Mombasa, angeruka kilomita 440 tu. Hesabu hizi nne zote ni za kweli. Mwalimu akikuuliza umbali wa Mombasa na Nairobi, huna budi kumwuliza naye, kwa adabu, kwa njia gani.

Hebu sasa tuifungue simu. Ndani yake mna kidude kidogo kiasi cha punje ya mtama, kihisicho mtikisiko. Kila unapokanyaga, mwili wako hupanda kidogo na kushuka, na kidude hicho huandika wimbi. Programu huyahesabu mawimbi na kuyaita hatua. Haioni miguu yako. Ndiyo sababu abiria wa matatu katika njia ya mashimo aweza kupewa hatua ambazo amezikaa kitini, ilhali kijana asukumaye mkokoteni, mikono yake ikiwa imetulia juu ya vipini, saa yake ya mkononi humpunja. Mama ashikaye ndoo kichwani kwa mkono wenye saa hupunjwa vile vile. Na simu iliyoachwa juu ya meza wakati mwenyewe akishinda shambani haina habari ya jasho lake.

Hatua zikiisha kuhesabiwa, hapana budi zigeuzwe kuwa mita, na hapa ndipo tunaporudi kwa Erhardt. Programu haijui urefu wa hatua yako. Hukisia. Aghalabu huutazama urefu wa kimo ulioandika siku ya kwanza, ikachukua kiasi cha asilimia 41 yake. Mtu wa sentimita 170 hupewa hatua ya sentimita 70. Chukua safari yetu ya Kitengela. Kama ilikuwa na hatua 8,000, simu inayokisia sentimita 70 itasema kilomita 5.6. Simu inayokisia sentimita 76 itasema karibu kilomita 6.1. Tofauti ya vidole vitatu katika hatua moja imezaa nusu kilomita. Tena hatua yenyewe haitulii: ukiogopa kuchelewa shule hurefuka, ukiwa na kiu hufupika, na ukitembea na mdogo wako huifupisha wewe mwenyewe ili asibaki nyuma. Wapagazi walikuwa na siku ndefu na siku fupi. Wewe una hatua ndefu na hatua fupi.

Nikiwa bado juu ya hatua, niruhusu niseme neno juu ya zile hatua 10,000 kwa siku ambazo kila programu yaonekana kuziabudu. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani ilianza kuuza kifaa cha kufunga kiunoni ambacho jina lake kwa Kijapani lilikuwa na maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Idadi hiyo ilipendwa kwa kuwa ilikuwa kamili na nyepesi kukumbukwa. Haikutoka katika uchunguzi wa madaktari. Uchunguzi ulikuja baadaye sana. Mmoja uliotangazwa Marekani mwaka 2019, juu ya wanawake wazee, ulionyesha kuwa faida ya kutembea iliongezeka mpaka kufika kama hatua 7,500 kwa siku, kisha ikatulia. Kwa hiyo ukifikisha 8,000 tu, usilie.

Njia ya pili ya simu haitazami miguu kabisa, bali mbingu. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mpango huu wa kuonyeshea mahali mwaka 1978, na kufikia mwaka 1995 kundi zima la setilaiti 24 lilikuwa kazini, kila moja ikizunguka kilomita 20,200 juu ya ardhi. Siku hizi Urusi, Ulaya na China nazo zina makundi yao. Watu wengi hudhani simu huiuliza setilaiti, nayo ikajibu. Sivyo. Setilaiti ni kama mwadhini: hutangaza saa yake na mahali pake, wala haijui nani amsikiaye. Simu ndiyo ihesabuye muda ambao tangazo limechukua kushuka, ikapata umbali. Lakini tangazo hilo huenda kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, na kukosea sehemu moja tu katika milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Kwa hiyo setilaiti huchukua saa za atomiki, na simu, yenye saa dhaifu, huhitaji kusikia setilaiti nne ili ijue ilipo na ijisahihishe saa.

Elimu hii ilikuwa ya kijeshi kwanza. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea ilipotea njia, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa, na watu 269 wakafa. Baada ya msiba huo Rais Reagan alitangaza ya kuwa raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuutumia mpango huu utakapokamilika. Lakini kwa miaka mingi raia walipewa tangazo lililochafuliwa makusudi, ambalo liliweza kukosea kiasi cha mita 100. Uchafuzi huo ulikomeshwa Mei 2000. Leo, chini ya mbingu wazi, simu ya kawaida hukosea mita chache tu.

Mita chache si kitu, utasema. Ni kweli, ukitaka kujua ulipo. Lakini ukitaka kujua umekwenda kiasi gani, makosa hayo madogo hufanya jambo la ajabu, nami nataka ulijaribu kwa mkono wako. Chora mstari wa sentimita 10 kwa rula. Kisha juu yake chora mwingine kwa mkono unaotetemeka, ukipita huku na huku ya ule wa kwanza. Tandika uzi juu ya kila mstari, unyoshe, upime. Uzi wa mstari uliotetemeka utakuwa mrefu zaidi, ingawa mistari yote miwili imeanza mahali pamoja na kuishia mahali pamoja. Ndivyo simu ifanyavyo: kila sekunde huweka nukta, mara kushoto kwako mara kulia, kisha huziunga nukta hizo na kuhesabu mazigizaga ambayo hukuyatembea. Ukisimama kando ya barabara kununua maembe, nukta huendelea kukuzunguka, na huenda ukalipwa mita kadhaa kwa kusimama. Simu nyingine, ili itunze betri, huweka nukta kwa nadra. Hiyo hukata kona, na mahali ulipozunguka yenyewe hupita moja kwa moja, ikakupunja. Wenye kutunga programu wanayajua haya yote, na kila mmoja ana namna yake ya kuyalainisha mazigizaga. Hakuna sheria iliyowataka walainishe sawasawa. Rafiki yako pengine alihesabiwa miguu na wewe ukahesabiwa nukta, na nusu kilomita mnayoigombania haikutembewa wala haikuibwa na mtu.

Katika uwanda wa Kitengela setilaiti zaonekana vizuri. Katikati ya jiji, penye maghorofa marefu, matangazo yake hugonga kuta na kufika simuni yamechelewa, kama mwangwi, na simu hudhani iko mtaa mwingine. Wakimbiaji wa marathoni ya Chicago walijua hivyo kwa saa zao za mkononi. Huko ndiko Kelvin Kiptum, kijana wa Kenya, alipokimbia Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, mwendo ambao mpaka siku hiyo haukuwa umewahi kufikiwa na mtu katika mashindano yaliyokubaliwa. Huenda ukauliza: ikiwa saa za mkononi hukosana, nani asema kuwa njia ile ilikuwa kilomita 42.195? Jibu ni baiskeli. Mpimaji hupima kwanza sehemu ya barabara iliyonyooka kwa utepe wa chuma, kisha huipita kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni ili ajue gurudumu lake huzunguka mara ngapi katika kilomita moja. Ndipo huipita njia yote ya mashindano, akifuata ukingo wa ndani wa kila kona kwa kiasi cha sentimita 30, kwa kuwa hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote awezayo kupita mkimbiaji. Mwisho huongeza mita moja kwa kila mita 1,000, ili njia isije ikaonekana fupi. Kwa hiyo mkimbiaji wa kawaida, akipishana na watu na kufuata kona kwa nje, hukimbia zaidi ya kilomita 42.195, na saa yake ikimwambia 42.6 si lazima iwe yasema uongo.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Lewis Fry Richardson, alivutwa na jambo la namna hii alipolinganisha vitabu vya Hispania na Ureno. Nchi hizo zina mpaka mmoja. Kitabu kimoja kiliupa kilomita 987, kingine 1,214. Richardson alionyesha, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1961 baada ya kufa kwake, ya kuwa apimaye kwa hatua fupi huingia katika kila kijikona cha mto na kilima, kwa hiyo hupata urefu mkubwa. Apimaye kwa hatua ndefu huviruka. Mpaka ni ule ule, na urefu ni wa bakora iliyotumika.

Kitengela yenyewe ina somo lake katika habari hizi, nalo si la simu. Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mwenye haki akapata kipande chake. Vipande hivyo vikagawanywa tena na kuuzwa, na ua zikainuka mahali palipokuwa uwanda mmoja tangu Mbuga ya Nairobi mpaka mbali kusini. Mchungaji ambaye babake alikwenda kisimani kwa njia iliyonyooka sasa huzunguka pembe ya ua huu, kisha pembe ya ua ule, na nyumbu hufanya vivyo hivyo. Kisima hakikusogea. Kwenye ramani umbali haukuongezeka hata shibiri moja. Lakini ukimfunga mchungaji yule kipima-hatua kiunoni utaona kuwa umeongezeka, na ng'ombe wake waliokonda watakwambia hivyo hivyo.

Na katika viwanja vile vile vinavyouzwa husikika kila siku maneno haya: nauza nane ya ekari, hamsini kwa mia. Chukua kalamu. Futi 50 kwa futi 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari moja ina 43,560, na nane yake ni 5,445. Mnunuzi aliyelipia nane ya ekari amekosa futi za mraba 445, nafasi ya chumba kikubwa na jiko, na wengi hawajui, kwa sababu jina la kipimo na kipimo chenyewe viliachana zamani na hakuna aliyewarudisha pamoja. Wengine hupima kiwanja kwa kuzunguka na simu. Umekwisha kuona simu hukosea mita ngapi. Mita tatu katika upana wa mita 15 ni sehemu moja ya tano ya kiwanja. Kazi hiyo ni ya mpima ardhi mwenye idhini, na mawe ya mpaka yapo kwa ajili hiyo.

Kwa matembezi yako ya Jumamosi huhitaji mpima ardhi. Nenda katika uwanja wa michezo, kama wa shule yenu una njia ya mita 400 iliyopimwa. Shika mstari wa ndani kabisa, maana ukihamia wa pili tu utakuwa umekwenda mita 407 kwa mzunguko. Zunguka mara tano kwa mwendo wako wa siku zote, ukihesabu kila hatua. Ukiogopa kupotewa na hesabu, tia kokoto mfukoni kwa kila mia, kama Nain Singh na tasbihi yake. Gawanya mita 2,000 kwa idadi uliyoipata. Ukipata hatua 2,740, hatua yako ni sentimita 73. Programu nyingi zina mahali pa kuandika tarakimu hiyo. Mwambie na rafiki yako afanye hivyo, kisha mrudi barabara ya Namanga asubuhi nyingine, kabla ya jua kupanda, mtembee tena mpaka pale mlipogeukia.